Aliyetulia Haonekani

Wageni wawili kutoka kiwanda cha unga walipanda ngazi hadi ghorofa ya nne, mmoja na mfuko wa machungwa, mwingine na mkoba wa ngozi. Lifti ya jengo hilo ilikuwa mbovu siku nyingi. Walipofika mlangoni walikuwa wanahema, na yule wa machungwa aliegemea ukuta kidogo ndipo akapiga hodi. Mama, mjane aliyekuwa mkubwa wa nyumba ile, aliwafungulia, akapokea mfuko, akawaonyesha viti.

Mrefu alikuwa kwenye kochi la sebuleni, ambalo sasa ndilo lililokuwa kitanda chake pia. Jina hilo alipewa shuleni, kwa kuwa hakukuwa na mlango asiouinamia. Mguu wa kulia wa suruali yake ulikuwa umekunjwa juu ya goti na kubanwa kwa pini. Wageni walimsalimu huku wakiitazama kalenda iliyoning'inia nyuma yake.

"Pole sana, ndugu yetu," alisema yule wa machungwa. "Kiwanda kizima kinakuombea."

"Ahsanteni."

"Na maumivu, yanaendeleaje?"

"Yanaendelea vizuri," Mrefu akajibu. "Mimi ndiye nisiyeendelea."

Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo pembeni, hakucheka. "Mmetuletea habari gani?" aliuliza.

Mwenye mkoba alikohoa. Alisema uchunguzi wa ndani wa kiwanda umekamilika. Alisema wote wamesikitika. Kisha akasema kwamba imeonekana ndugu yao alikuwa amelala ndani ya mstari wa njano, na kwamba mtu akilala ndani ya eneo la mashine, hiyo haiwi ajali tena, inakuwa uzembe, na uzembe haulipwi fidia. Baraza la kazi litakaa Jumanne ijayo. Wakitaka kusema lao, waende.

"Nilipata kizunguzungu," Mrefu alisema kwa sauti ndogo.

"Alale chini ya mkono wa chuma unaobeba magunia?" mkewe akadakia. "Hata paka hawezi!"

"Shemeji, sisi hatuyatungi," mwenye mkoba alisema. "Tunasema kile ambacho kamera iliona."

Mwanamke aliyekuwa akitoka jikoni na bilauri za maji alisimama ghafla, maji yakamwagikia sinia. Alikuwa dada yake Mrefu, mkubwa wake. Alikuwa mhandisi, na jicho la kamera ile alikuwa amelichora yeye. Wageni hawakulijua hilo. Walipokea bilauri zao, wakashukuru, wakanywa, wakaaga.

Mlango ulipofungwa mke wa Mrefu aliunyakua mfuko wa machungwa autupe. Mama akamshika mkono. "Wacha. Chungwa halina kosa," alisema. "Mtoto akitoka shule atakula."

Mtaani watu walijua tu kwamba Mhandisi anafanya kazi ya kompyuta. Mama yake alijua zaidi kidogo. Aliwaambia majirani kwamba binti yake anatengeneza macho, nao wakadhani ni daktari, wakawa wanamletea wazee wenye mtoto wa jicho.

Alichokitengeneza kilikuwa chipu ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Kamera ya kawaida hupiga picha nzima, halafu nyingine, halafu nyingine, hata kama mbele yake hakuna kilichobadilika, kama mlinzi anayetaja kila tofali la ukuta usiku kucha. Jicho la kiumbe halina upuuzi huo. Nyuma yake kuna utando wa chembe hai, na nyingi kati ya hizo hupiga kelele pale tu mwanga unapobadilika. Usipobadilika, hunyamaza. Mhandisi aliuiga utando huo: maelfu ya nukta, kila moja ikijitegemea, kila moja kimya mpaka kitu kisogee mbele yake. Ndiyo maana chipu yake ilikuwa na kasi, ilitumia umeme kiduchu, na haikubabaishwa na vumbi la unga wala giza la ghala. Mtu akiuvuka mstari wa njano, mkono wa chuma uliopanga magunia ulisimama hata kabla hajatua mguu wa pili.

Lakini jicho la kiumbe lina jambo jingine: halitulii. Hutetemeka muda wote, mtetemo mdogo ambao mwenyewe hausikii, na kwa mtetemo huo huendelea kukiona hata kitu kilichokaa kimya. Chipu ya Mhandisi haikuwa na mtetemo. Aliupanga kwa toleo la pili. Kwa toleo la kwanza alikuwa ameomba jambo rahisi tu, kitufe. Mkono ukishasimama, usianze tena mpaka mtu aliye nje ya mstari abonyeze.

"Kitufe!" Mkurugenzi wa maabara yao alikuwa amesema kwenye kikao. "Tunawauzia jicho, halafu tunawaambia watafute mtu wa kubonyeza? Wenyewe wanataka mkono uanze peke yake eneo likiwa tupu. Hicho ndicho wanachokinunua."

"Jicho letu halijui tofauti ya eneo tupu na mtu aliyetulia."

"Na nani atatulia mbele ya mkono wa chuma? Labda shemeji yangu. Yule hata nyumba ikiungua hasogei."

Meza nzima ilicheka. Mhandisi naye alicheka, kicheko kifupi cha adabu, wakaenda kwenye jambo lililofuata. Baadaye kidogo alisikia kwamba kiwanda kilekile cha unga kinaajiri, na ni yeye aliyemletea mdogo wake habari hizo, akiwa na furaha kama mtu aliyeokota pesa.

Asubuhi baada ya wageni kuja, Mkurugenzi alimwita ofisini, akamvutia kiti kwa mkono wake mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Mrefu alipolazwa alikwenda hospitali, na ni yeye aliyepigana na watu wa bima mpaka wakakubali kwamba mdogo wa mfanyakazi naye ni mtegemezi. Lakini viwanda vingine vitatu vilikuwa vinasubiri kuona jambo hili litaishaje, na watu kumi na kitu wa maabara walikula kutokana na chipu ile.

"Baraza linamtaka mtaalamu," alisema. "Nimewapa jina lako."

"Mimi? Mgonjwa ni mdogo wangu."

"Ndiyo maana watakuamini. Utasema jicho lilimwona akiingia, na mashine ikasimama. Kweli au si kweli?"

"Kweli."

"Basi."

"Na kilichofuata?"

"Hakuna atakayekuuliza kilichofuata. Hawajui cha kuuliza." Mkurugenzi aliipanga kalamu yake sambamba na ukingo wa meza. "Mguu wa bandia umeshaagizwa, si ndiyo? Kwa bima yetu. Sisemi hivyo kwa ubaya, dada yangu. Nasema tu tuangalie mbali."

Mhandisi alirudi kwenye meza yake. Kwenye meza ya jirani alikaa mpimaji, kijana mpole ambaye kazi yake ilikuwa kuzijaribu chipu kabla hazijauzwa. Siku ya kikao kile alikuwepo, na alicheka kuliko wote. Alimtazama Mhandisi, akataka kusema neno, akaishia kumwuliza kama anahitaji chai.

Binti wa Mrefu alirudi kutoka shule akiwa amevimba macho. Hakutaka kula. Shangazi yake alipombembeleza sana, alisema kwamba darasani wanamwita mtoto wa Mlala. Kila mwalimu akiita jina lake, wenzake wanakoroma.

Mama yake aliliweka sufuria chini kwa kishindo. "Umesikia, wifi?"

"Nimesikia."

"Hao wageni walisema wanasema kile kamera ilichoona. Kamera ni yako. Mimi sikusoma, lakini kuuliza si ujinga. Iliona nini?"

Mhandisi alianza kueleza. Alitaja nukta, mwanga, mabadiliko, kizingiti. Kadiri alivyoeleza ndivyo maneno yalivyozidi kuwa marefu, na mwenyewe alijisikia kama mtu anayejificha nyuma ya pazia huku miguu ikionekana.

"Sielewi," wifi yake alisema. "Nionyeshe."

"Siyo mahali pa kuingia mtu hivihivi."

"Mume wangu aliingia hivihivi."

"Msianze," Mama alisema kutoka chumbani. "Mgonjwa anasikia."

Mgonjwa alikuwa anasikia kweli. Alikuwa kwenye kochi, macho darini, na alitamani kama wangezungumza habari za mtu mwingine.

Alhamisi walikwenda pamoja. Mlangoni pa maabara mlinzi alimpa Mhandisi heshima zake, kisha akamgeukia mke wa Mrefu. Alimwambia aache kitambulisho. Alimwambia aache simu. Aliutazama mkoba wake wa kiunoni, akamwambia amwage vilivyomo mezani, na mbele ya wanaume wawili waliokuwa wakisubiri lifti vikatoka hela za sarafu, kitana, vidonge vya maumivu vya mumewe, na soksi moja ya kiume. Soksi ile ilikuwa safi. Hakuna aliyeuliza kwa nini anatembea nayo. Alivirudisha kimoja kimoja.

Ndani, Mhandisi alimsimamisha mbele ya kamera iliyofungwa kwenye nguzo, akawasha skrini. Palikuwa peusi. Mke wa Mrefu aliusogeza mkono, na mara weusi ule ukajaa vitone vyeupe vilivyochora mkono, bega, ukingo wa kitambaa kichwani. Aligeuka, na umbo la vitone likageuka. Alisahau kidogo kilichomleta, akatabasamu.

"Kama nyota," alisema.

"Sasa tulia," Mhandisi alimwambia. "Usisogee hata kidogo."

Alitulia. Vitone vikapungua. Bega likatoweka kwanza, kisha kichwa, kisha kiuno. Kikabaki kitone kimoja kimoja kikimulika pale kifua kilipopanda na kushuka, kama makaa yanayozimika, halafu navyo vikaisha. Skrini ikabaki nyeusi.

"Niko wapi?"

Midomo ilipotikisika vitone vichache viliwaka, vikafa.

"Hupo," Mhandisi alisema.

"Si nipo hapa?"

"Kwa jicho hili hupo. Eneo ni tupu. Vile vitone vya pumzi mashine inavihesabu kuwa ni vumbi. Likishakuwa tupu kwa muda fulani, mkono unaruhusiwa kuanza tena."

Mke wa Mrefu alikaa hivyohivyo, hakusogea, kana kwamba anataka kujua mtu hujisikiaje. Machozi yalipoanza kumtoka, skrini ilichora mistari miwili myembamba ikishuka, juu ya uso usiokuwepo.

"Kwa hiyo hapo alipokuwa," alisema, "mume wangu alikuwa ameshaondoka."

"Ndiyo."

"Ulijua liko hivi?"

Mhandisi aliuzima mtambo. Angeweza kusema kwamba si rahisi kama anavyodhani. Ilikuwa kweli, si rahisi.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Nilisema pawekwe kitufe. Wakakataa, nikanyamaza."

"Halafu ukatuletea habari za kazi."

"Nikawaletea."

Wifi yake alijifuta uso kwa kiganja. Hakupiga kelele, wala hakutukana. Alisema tu, "Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilidhani wanasema chawa." Akatoka, akasimama kwenye korido akisubiri afunguliwe mlango, kwa sababu mgeni hakuruhusiwa kuufungua mwenyewe.

Jioni ile, baada ya chakula, Mhandisi aliwaambia wote. Alikaa kwenye stuli mbele ya kochi, mikono katikati ya magoti, akasimulia kikao, kitufe, kicheko. Alisema Jumanne atalieleza baraza jambo zima.

Mama ndiye aliyeanza kuuliza. "Na kazi yako?"

"Itakwenda."

"Na mguu?" Alikuwa na maana ya ule wa bandia.

"Bima ikikatika, nao utasubiri. Baraza likimpa haki, fidia itaununua."

"Likimpa," Mama alisema. "Likimpa, likimpa. Nyumba hii inakula likimpa?"

"Mama, mtoto anakoromewa darasani!" alisema mke wa Mrefu.

"Kukoromewa hakuui, mwanangu. Njaa inaua."

"Nyamazeni kidogo," Mrefu alisema. Alijiinua kwa viwiko, na hata akiwa amekaa bado alionekana mrefu kuliko wao. "Aliyekatika mguu ni mimi. Dada, nenda kaseme kile anachotaka bosi wako. Sema nililala."

"Hukulala."

"Wewe ulikuwepo? Sema nililala, yaishe. Mmoja kakatwa mguu, sasa na wewe unataka kukatwa mikono, halafu tubebane vipi humu ndani? Mimi jina la Mlala nimeshalizoea. Hata linanifaa, siku nzima niko kochini."

Alitaka wacheke. Mkewe aliondoka akaenda kusimama dirishani, akawapa mgongo.

"Mimi sijalizoea," alisema kwa dirisha. "Mimi ninapopita dukani wananiuliza kama leo umeamka."

Mrefu alirudi kulala, akaufunika uso kwa mto. Siku zilizobaki mpaka Jumanne nyumba ile iliongea habari za chumvi na sabuni tu.

Baraza lilikaa kwenye chumba kirefu chenye feni moja iliyokwaruza kila ilipomaliza mzunguko. Mrefu hakwenda. Majirani wanne walikuwa wamejitolea kumshusha kwa kiti, akakataa, akasema yeye si kabati. Mkewe alikaa mstari wa mbele akiwa amevaa viatu vyake vya harusi, maana ndivyo pekee vilivyokuwa vizima. Mama alikuja pia, ingawa alikuwa ameapa haji.

Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya uchovu. Alimwuliza Mhandisi kama jicho la kamera lilimwona mfanyakazi akiingia.

"Lilimwona," Mhandisi alisema. "Mashine ikasimama."

Mkurugenzi aliinamisha kichwa kukubali. Mwenyekiti alishageuza karatasi.

"Halafu likaacha kumwona," Mhandisi akaongeza.

Feni ilikwaruza. Mwenyekiti alirudisha karatasi yake. "Likaacha vipi? Alitoka?"

"Hakutoka. Alitulia. Jicho hili haliwezi kumwona mtu aliyetulia. Nimelichora hivyo. Alikuwa amepiga magoti akichomoa gunia lililokwama, akapata kizunguzungu, akatulia. Jicho likasema eneo ni tupu. Angekuwa amelala, angekuwa amezimia, angekuwa anaomba dua, ingekuwa vilevile."

Minong'ono ilizuka. Wakili wa kiwanda alisimama bila haraka, kijana nadhifu, akifunga kishikizo cha koti.

"Wewe na mlalamikaji mna uhusiano gani?"

"Ni mdogo wangu, tumbo moja."

"Aha." Aliliacha neno hilo lielee. "Na kifaa ni kazi ya mikono yako. Ulijua kina upofu huu?"

"Nilijua."

"Mteja wako, yaani kiwanda, ulimwambia?"

"Nilimwambia mkurugenzi wangu. Kwenye kikao. Nikaomba kitufe."

"Kuna mtu aliyesikia?"

Mhandisi alimtaja mpimaji. Kijana yule alisimama, masikio yamemwiva. Alimtazama Mkurugenzi, akatazama sakafu, na hapo alikuwa akifikiria mkewe mjamzito na kazi ambayo hakuwa na nyingine.

"Vikao vyetu ni vingi," alisema. "Hicho sikikumbuki."

"Ulicheka," Mhandisi alimwambia. "Habari ya shemeji."

"Tafadhali jibu baraza, si yeye," mwenyekiti alisema.

"Sikumbuki, mheshimiwa."

Mkurugenzi alipopewa nafasi alizungumza kwa upole. Alisema maabara inamheshimu sana dada huyu na inaelewa uchungu wake. Alisema usalama wa chipu ulikuwa jukumu lake yeye kama mbunifu, na kama aliona kasoro akakaa nayo kimya, basi wao pia wamedanganywa. Aliposema hivyo sauti ilimkwama kidogo, na waliomtazama walidhani ni huzuni.

Uamuzi ulisomwa alasiri. Mrefu hakuwa mzembe, na kiwanda kingelipa. Kila mkono wa chuma ungewekewa kitufe mara moja. Ama mbunifu wa kifaa, baraza lilisema limeshangazwa na ukimya wake, na likaelekeza jambo hilo lipelekwe kwa chama cha wahandisi.

Nje, kwenye ngazi, Mama alimshika bintiye mkono kama alivyokuwa akimvusha barabara zamani. Mke wa Mrefu alitangulia mbele, viatu vikimbana. Alipofika chini alisimama akawasubiri, akamwambia wifi yake, bila kumtazama, "Umesema."

"Nimesema."

"Ungesema siku ile ile mliyokuwa mkicheka."

"Najua."

Wakaondoka kwa miguu.

Kazi ilikwisha wiki hiyohiyo. Mlinzi aliyekuwa akimpa heshima alimwambia Mhandisi amwage mkoba wake mezani. Bima ikakatika, na mguu wa bandia uliokuwa umeshapimwa ukarudishwa ulikotoka. Kiwanda kilikata rufaa, na rufaa haina haraka. Chama cha wahandisi kilimsimamisha. Baada ya muda ikasikika kwamba maabara imetoa toleo la pili, lenye mtetemo, likisifiwa kwamba linamwona hata mtoto aliyelala. Mhandisi alisoma habari hizo kwenye simu akiwa foleni ya kuomba kufundisha hesabu shule ya jioni. Alisoma mpaka mwisho. Walikuwa wameufanya vizuri mtetemo, karibu sawa na alivyouchora.

Darasani watoto walichoka kukoroma, wakapata mwingine wa kumcheka.

Mrefu ndiye aliyenyamaza. Siku ya uamuzi mkewe alipomsimulia, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Nani alimwomba?" Tangu hapo hakumsemesha dada yake. Akimpa chai anapokea. Akimwuliza neno anamjibu Mama.

Kodi ya nyumba ile haikuwezekana tena. Walipata vyumba viwili vya chini, mbali kidogo, na Jumamosi moja wakahama. Vitu havikuwa vingi. Majirani walisaidia kushusha vitanda na kabati, na ikabaki kumshusha Mrefu mwenyewe. Alikuwa na magongo, lakini ngazi alikuwa hajazijaribu. Wale majirani wanne walikuwa wameshaondoka na mkokoteni. Mama na mjukuu walikuwa huko mbele. Mke wa Mrefu alikuwa chini na ndoo na mafagio, akilinda mizigo.

"Nishike hapa," Mhandisi alisema, akampa bega.

Hakukuwa na bega jingine. Mrefu alimshika. Walishuka ngazi moja, wakasimama, wakashuka nyingine. Alikuwa mzito kuliko alivyoonekana, na jasho lake lilimlowanisha dada yake shingoni. Wakaipita ghorofa ya tatu. Kwenye ghorofa ya pili Mrefu alisema, "Ngoja," wakakaa kwenye ngazi wote wawili, magongo magotini.

"Kizunguzungu sikupata," Mrefu alisema.

Mhandisi aligeuka.

"Nilikuwa nimeunganisha zamu mbili. Nilipoinama kwenye lile gunia nikaliona laini. Nikaweka shavu. Nikasema nifumbe macho kidogo tu, mashine si imesimama? Jicho la dada liko juu, linaniona." Alipangusa uso kwa mkono wa shati. "Kwa hiyo nililala. Hao watu walisema kweli. Na wewe umekwenda kupoteza kila kitu kwa ajili ya uongo wangu. Ndiyo maana sikutaka useme."

Chini kabisa mke wake aliita kuuliza wamefika wapi. Mhandisi alikuwa akiwaza magunia, joto la unga uliotoka kusagwa, na shavu la mdogo wake, lilelile alilokuwa akiliegemeza begani mwake wakiwa wadogo, kwenye safari yoyote, kabla hata gari halijaondoka.

"Hata kama ulilala," alisema. "Ulikuwepo."

Mrefu alitikisa kichwa, si kukubali wala kukataa.

"Wifi yako asijue," alisema.

"Mkeo? Hatajua kwangu."

"Haya. Ninyanyue."

Alimwinua. Kutoka chini sauti ikapanda tena: wawe waangalifu, hapo kwenye kona kuna maji yaliyomwagika. Wakaishika reli, wakashuka.